Hesabu ya Siku ya Chumvi

Boazi alikuwa karani mwenye mwandiko wa kupendeza, na kalamu yake haikuwahi kugombana na mkubwa. Mwaka wa sabini na sita mkubwa wake huko Ngorongoro alitaka ripoti ya kuonyesha kwamba wafugaji wamelimaliza bonde moja, ili wahamishwe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Boazi akatumwa kuhesabu ng'ombe.

Alifikia kwa mzee Senteu, akapewa maziwa na ngozi ya kulalia. Siku tatu za kwanza bondeni walikuwamo ng'ombe wa Senteu na wa jirani wawili tu. Siku ya nne ilikuwa ya chumvi: mara moja kwa mwezi wafugaji wa milima yote hushusha mifugo ilambe udongo wa magadi, na jioni hupanda nayo. Boazi alihesabu siku hiyo, akapata elfu mbili mia tatu na kumi. Senteu hakuuliza idadi. Kwao ng'ombe hujulikana kwa rangi na jina. Kuwahesabu kwa mdomo ni kuwaitia kifo.

Ripoti ilikuwa nzuri mno. Ng'ombe ni wengi, nyasi zimekwisha, basi ng'ombe ndio waliozimaliza. Kwamba mvua haikunyesha mwaka mzima, hakuandika. Zile siku tatu hakuzitaja. Uongo haukuwamo hata chembe. Mkubwa akamsifu mbele ya wenzake, naye Boazi akangoja afurahi, au walau aone haya. Hakuona kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Amri ya kuhama ilipotoka, akatumwa yeye kuwasomea, maana alikijua Kimaasai. Alisoma mpaka mwisho, na ile hesabu yake ikiwamo, kwa sauti ile ile. Senteu akauliza hao ng'ombe elfu mbili ni wa nani. Boazi akasema aliwaona kwa macho yake.

"Uliwaona, mwanangu," alisema mzee. "Na hawa je?"

Akaingia zizini. Akamgusa ng'ombe wa kwanza mgongoni, akasema kwa sauti: moja. Wake zake wakaziba midomo kwa viganja. Mbili. Tatu. Aliendelea hivyo hadi akafika arobaini na moja, ng'ombe wakaisha.

"Andika," akamwambia.

Boazi alikuwa na kalamu mfukoni na karatasi mkononi. Akasema hakutumwa kuandika, ametumwa kusoma, akarudi kwenye Landrova.