Na Mwingine Mdogo

Wino ulikuwa umefifia mpaka ukawa rangi ya chai, ikambidi Tacy Maddock asogeze buku la kumbukumbu za mkutano karibu na dirisha ili alisome. Pumzi yake ilitoka kama moshi juu ya ukurasa. Aligeuza uso pembeni, akakohoa, akangoja kifua kitulie, ndipo akarudi kwenye mstari alipoachia.

Mlango wa chini ukafunguliwa. Harufu ya samadi ya farasi ilimfikia kabla ya mtu mwenyewe, akajua ni Josiah Hadwen, mwenye mabanda ya kukuzia uyoga juu ya samadi hiyo. Josiah alioga kila jioni kwa sabuni kali na bado harufu ile ilimfuata mpaka kwenye ibada.

"Tacy, umekaa huko juu bila moto?"

"Moto nauwasha Siku ya Kwanza tu, watu wakija ibadani. Makaa ni ya mkutano, si yangu."

"Hakuna ambaye angekusema." Alipanda ngazi polepole, akasimama na kofia yake kichwani kama walivyofanya wazee wa zamani. "Haya, umefika wapi?"

"Nimefika kwa mzee mwenyewe. Cadwalader. Yule aliyetoka Wales."

"Huyo kafa siku nyingi, Tacy. Hawezi kulea mtoto."

Alitaka iwe utani. Alipoona Tacy hakucheka, alivua kofia, akaishika mkononi.

Watoto wenyewe walikuwa watatu, wa Griffith, kaka yake Tacy, aliyefukiwa na ukuta wa machimbo msimu wa kuvuna tufaha. Mkewe, Annis, alikuwa ametangulia, alipokuwa akijifungua mtoto ambaye naye hakuishi. Tangu msiba, watoto walilala darini kwa Susanna Worrilow, karani wa mkutano, lakini Susanna alikuwa mzee, na binti yake alikuwa anarudi nyumbani na mume asiye na kazi. Nchi nzima ilikuwa na waume wasio na kazi mwaka ule. Kamati ya Marafiki, kama waumini wa mkutano ule walivyoitana, inayoangalia wenye shida ilikuwa imekaa na kupanga: Ellis, mkubwa, aende kwa Josiah, Owen aende kwa wafuga ng'ombe ng'ambo ya mto Brandywine, na Phebe, wa mwisho, apelekwe Filadelfia kwenye nyumba ya yatima.

Tacy hakuwa kwenye mpango huo. Yeye alifagia nyumba ya ibada na kukata nyasi za makaburini, akaishi katika chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa nyuma. Kipupwe kimoja kizima alikuwa amelazwa hospitali ya kifua kikuu, na daktari alipomruhusu alimwambia asilale chumba kimoja na mtoto, wa kwake wala wa mtu.

"Nilikuahidi," Josiah alisema, "na ahadi ipo. Ukimpata ndugu wa damu atakayewachukua wote watatu, kamati haitawagawa. Lakini mkutano wa mwezi unakuja, Tacy. Siwezi kumwambia Susanna aendelee kungoja wafu."

"Si wafu ninaowatafuta. Nawafuata wao ili nifike kwa walio hai."

"Najua." Alirudisha kofia kichwani. "Washa moto. Nitaleta makaa yangu."

Na kweli aliyaleta. Hicho ndicho kilichomtesa Tacy zaidi: hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Aliendelea kusoma. Cadwalader Maddock alikuwa amefungwa kwao Wales kwa kukataa kulipa zaka ya kanisa la serikali, na ng'ombe wake wakachukuliwa mmoja mmoja. Alipotoka gerezani alimchukua mkewe Gainor na watoto, akapanda meli. Marafiki wa kwao walimwandikia cheti cha kumtambulisha, wakisema ni watu wapole na wakweli, wapokelewe kwa upendo. Gainor alikufia baharini. Cadwalader alifika nchi kavu, akajenga kibanda kwenye ukingo wa kijito, akafa kabla hajakiezeka. Kisha karani wa wakati ule, kwa mwandiko mzuri sana, mwandiko wa mtu asiye na haraka, aliandika hivi: *Watoto wa yule mtu wa Wales wamewekwa kwa Marafiki mpaka watakapokua. Evan kwa mtengeneza ngozi. Robert kwa msaga unga. Na mwingine mdogo.*

Basi. Mstari uliofuata ulihusu ukarabati wa uzio.

Tacy alimtafuta huyo mwingine mdogo kwenye orodha ya waliozaliwa, ya waliooana na ya waliozikwa. Hakujua atafute jina la kiume au la kike. Aliacha, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha. Evan alikuwa babu wa babu zake yeye mwenyewe, na upande huo wa Evan ulikuwa umebaki na Tacy na wale watoto watatu tu. Kwa hiyo akamfuata Robert. Robert alioa, wanawe wakaomba cheti cha kuhamia magharibi ya mto Susquehanna. Mjukuu mmoja akatengwa na Marafiki kwa kushika bunduki vitani, na tangu hapo mabuku yakanyamaza. Lakini dereva wa lori la maziwa alimwambia kwamba ng'ambo ya mto huo, kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea, kuna jamaa anaitwa Lewis Maddock, mrefu kama mlingoti.

Alikwenda kwa treni, kisha kwa miguu kwenye tope lililoganda. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa nyumba zinazofanana, na dirisha lake moja lilizibwa kwa gunia. Mwanamume aliyefungua mlango alikuwa na pua ya Griffith. Ile ile, yenye kuinama kidogo kushoto. Tacy alishika nguzo ya baraza.

"Mama, unaumwa? Kama unauza Biblia, tunayo."

"Siuzi kitu. Mimi ni Maddock."

"Pole sana," alisema Lewis. "Mimi pia. Ingia kabla baridi haijaingia yenyewe."

Ndani kulikuwa na mkewe, Nettie, na watoto wengi kuliko viti. Tacy alieleza yote: Wales, meli, Evan na Robert. Lewis alisikiliza akisugua vidole vyake vyenye vumbi jeusi.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa Marafiki? Wale wanaokaa kimya mpaka mtu asinzie?"

"Babu yako alitengwa. Alishika bunduki."

"Afadhali yeye alifanya kitu." Alicheka, na meno mawili hayakuwapo. "Nettie, umesikia? Tuna ukoo."

"Ukoo unaliwa na nini?" aliuliza Nettie, bila ubaya, akikoroga sufuria.

Ndipo Tacy akasema alichokuja kusema. Alitaja watoto watatu. Lewis alitazama sakafu. Machimbo yalikuwa yanafanya kazi siku mbili kwa juma, alisema, na juma lijalo labda hata hizo hazitakuwapo.

"Huyo mkubwa anaweza kubeba mawe?" aliuliza baadaye.

"Ana miaka kumi na mitatu."

"Nilianza nikiwa mdogo kuliko hapo. Huyo mmoja labda..."

"Lewis," Nettie alimkatiza. Aliweka mwiko chini, akamgeukia Tacy. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine. "Dada, sikiliza. Mimi nikisema ndiyo leo, nitakuwa nakudanganya. Watakuja hapa walale na njaa pamoja na wangu, na mwisho nitaanza kuwahesabia matonge. Najijua. Usinifanye niwe mtu wa namna hiyo."

Tacy alisema ameelewa, na alikuwa ameelewa kweli. Nettie alimfungia tufaha zilizokaushwa kwenye karatasi, akalazimisha azichukue. Lewis alimsindikiza mpaka njia panda, akitembea na mikono mfukoni.

"Kaka yako," aliuliza, "alifanana na nani?"

"Na wewe."

Lewis aligusa pua yake, akaitikia kwa kichwa, akarudi.

Mkutano wa mwezi ulifanyika siku ya mawingu. Tacy aliwasha majiko mawili alfajiri, akafungua vibao vya madirisha, kisha akakaa kwenye benchi la nyuma. Susanna Worrilow alisoma pendekezo la kamati kwa sauti yake nyembamba, akauliza kama Marafiki wanaungana nalo. Kimya kikaingia. Watu hawapigi kura katika nyumba ile. Hungoja mpaka wote wawe na nia moja, na asiyeungana akisimama, jambo husimama naye. Katika maisha yake yote Tacy hakuwahi kusimama.

Alisimama.

"Mimi siungani na jambo hili," alisema.

Vichwa viligeuka. Josiah alifumba macho.

"Marafiki wetu wa zamani walifanya hivi hivi," Tacy aliendelea, na kifua kikaanza kumkata maneno. "Walikuwa watu wema kama ninyi. Waligawa watoto wa nyumba moja, na mmoja wao... hata jina... Nimemtafuta. Hayupo popote."

Alishindwa kuendelea kwa kikohozi. Mama aliyekaa naye benchi moja alisogea pembeni kidogo, kisha akaona aibu, akarudi.

Susanna alingoja. "Dada yetu haungani," alisema hatimaye. "Jambo hili litangoja. Twende tukale."

Marafiki walikula mkate na supu ya njegere kwenye meza ndefu, wakizungumza mambo ya barafu. Tacy hakula. Alitoka nje mpaka kwenye kibanda cha kufungia farasi, ambamo sasa yalikaa magari, na huko akamkuta Ellis ameketi juu ya gogo.

"Nilikuwa dirishani," kijana alisema. "Nimesikia."

"Basi umesikia kwamba hamtagawanywa."

"Shangazi." Alikuwa anachonga kijiti kwa kisu cha baba yake, hakuinua uso. "Kule kwa Josiah wanakula nyama."

"Ellis."

"Nimemuuliza mfanyakazi wake. Kila siku. Owen analia usiku kwa njaa, unajua? Anauma shuka ili Susanna asisikie."

"Nitapata njia. Nitazungumza na daktari tena."

"Daktari alishasema." Kisu kilisimama. "Wewe ukifa, watatugawa upya. Phebe atakuwa ameshakuzoea wewe. Amezoea mama, akafa. Akazoea baba, akafa. Mimi sitaki kumwambia tena. Mara ile nilimwambia mimi."

Tacy alitaka kuweka mkono begani kwake. Aliuinua, akausikia mzito, akaushusha kwenye paja lake mwenyewe. Walikaa hivyo mpaka kengele ndogo ilipolia kuwarudisha watu mkutanoni.

Mkutano ulipoanza tena alisimama kwa mara ya pili.

"Naondoa pingamizi langu," alisema. "Lakini naomba karani aandike majina yao. Yote, na ya wazazi wao. Na aandike kila mmoja anakwenda wapi, kwa nani, na kwamba watakutana hapa kila mwezi, siku kama ya leo. Josiah atawaleta. Asipowaleta, mkutano umuulize."

Josiah alisimama pale pale. "Nitawaleta," alisema. "Andika hivyo, Susanna."

Susanna alichovya kalamu. Alikuwa anaandika polepole, na kila alipomaliza jina alilisoma kwa sauti ili mkutano uthibitishe. Ellis, mwana wa Griffith na Annis Maddock. Owen, mwana wa Griffith na Annis Maddock. Alipofika la tatu aliinua kalamu, akauliza kama mtoto ana jina jingine.

"Phebe Gainor," alisema Tacy. Hilo la pili halikuwapo mpaka dakika ile, na hakuna aliyelipinga.

Owen alichukuliwa kwanza, akiwa amelala, ndani ya gari la wafuga ng'ombe. Ellis alikwenda kwa Josiah kwa miguu yake mwenyewe, na kifurushi chake kwapani. Phebe alibaki na Susanna siku mbili zaidi, kwa sababu ya theluji. Kisha Tacy alimpeleka Filadelfia kwa treni, akikaa benchi la mbele yake, si la pembeni yake. Mtoto alitazama nje njia nzima. Aliuliza mara moja tu kama huko wanakokwenda kuna paka.

"Sijui," Tacy alisema. "Tutauliza."

Nyumba ya yatima ilikuwa ya matofali, safi, yenye ngazi zilizofagiliwa theluji. Mlezi aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya joto. Alichuchumaa mbele ya mtoto, na Phebe, bila kuambiwa, akainua kidevu chake ili afunguliwe vifungo vya koti.

"Kuna paka?" aliuliza.

"Kuna mmoja," mlezi alisema. "Ana hasira. Njoo umwone."

Mlezi alikwenda naye kwenye ukumbi mrefu. Mlango ukajifunga taratibu kwa uzito wake.

Tacy alishuka ngazi, akavuka barabara, akasimama mbele ya duka lililofungwa. Theluji ilianza tena, nyembamba, isiyo na upepo. Huko ng'ambo, kwenye ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya yatima, dirisha moja lilisukumwa likafunguka. Mkono ukatoa blanketi la kijivu, ukalikung'uta, na vumbi lake likashuka pamoja na theluji mpaka hakuweza tena kutofautisha kipi ni kipi. Mkono ukarudi ndani. Alingoja dirisha lifungwe. Lilibaki wazi, na pazia likawa linaingia na kutoka.