Duara la Mawe Meupe

Katapila lilikuwa bado linapanda kilima, lakini mtunza bustani alishausikia mtetemo wake magotini. Alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la maua, kiganja juu ya jiwe jeupe.

"Mzee, hayo maua yang'oe kabla ya saa nne," alisema mwenye nyumba kutoka barazani. Wakazi wote wa kilima walimwita Mama Mwenyekiti, kwa kuwa aliongoza kamati yao. "Bwawa la kuogelea linaanzia hapo."

"Mama, hapa amelala mama yangu."

Neno hilo alikuwa amelimeza miaka thelathini na moja. Mama Mwenyekiti alishuka ngazi polepole.

"Kwenye bustani yangu?"

"Kabla haijawa bustani. Tulikuwa kaya kumi na nne. Tukafukuzwa, tukashushwa bondeni ndani ya siku mbili."

"Historia ya kilima hiki naiandika mimi, Mzee. Palikuwa pori." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mzee. "Haya, alama ya kaburi iko wapi?"

Mzee alitazama mawe. Zamani yalipangwa kwa urefu wa mtu aliyelala. Makaburi mengine yenye mawe kama hayo yalisawazishwa yote, hivyo akaomba kazi hapa, akayageuza mawe ya mama yake kuwa duara, akapanda maua katikati. Kila asubuhi aliyamwagilia mbele ya watu, na hakuna aliyeuliza.

"Ni mawe haya."

"Si uliyapanga wewe? Marehemu baba mkwe alikusifia kwa kila mgeni."

Mlinzi, aliyesimama getini, alicheka. "Mzee bwana, kesho utasema hata geti ni la babu yako."

"Geti lipo palipokuwa choo chetu. Hilo nakuachia."

Mama Mwenyekiti hakucheka. "Mkataba wako unaisha mwezi huu, siyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tusaidiane. Mawe ni mazuri, tusiyatupe. Yajengee msingi wa kile kibao cha historia cha kamati, hapo nje ya geti."

Saa sita mzee alikuwa nje ya geti, saruji mikononi. Jiwe la kichwani mwa mama yake aliliweka mwisho. Juu yake kibao kilisema: KABLA YETU PALIKUWA PORI TUPU.

Ndani, katapila lilinyamaza ghafla.

"Mama," dereva aliita, "hebu njoo uone."

Nyayo za Mama Mwenyekiti zilielekea kwenye shimo.

"Endelea," sauti yake ilisema.

Injini ikanguruma tena. Mama Mwenyekiti akatokea getini, akipangusa udongo kwenye kiatu.

"Kimepinda kidogo, Mzee. Kinyooshe."