Kitanda cha Mlangoni

Katika nyumba ya hisani wanakotunzwa maskini wasio na tiba tena, anayekaribia kukata roho huhamishiwa kitanda cha mlangoni, ili maiti isipitishwe mbele ya wenzake. Muuguzi alipomjia, mzee fundi viatu aling'ang'ania chuma cha kitanda chake.

"Bado, mwanangu. Dada yangu anafika kesho. Alifua mashuka humu miaka mingi, kile kitanda anakijua. Atalia kabla hajanisalimu."

"Mwache mbishi huyo, hata Izraili atambembeleza," mgonjwa jirani akatania.

Muuguzi akamwacha palepale. Jioni mzee akafa. Wabebaji wakampitisha katikati ya vitanda vyote, na yule mtani akajifunika shuka gubigubi.

Asubuhi dada mtu aliingia, akatupia macho kitanda cha mlangoni kwanza. Alipokiona kitupu, akatabasamu.