Dawa ya Gogo

Valarie, afisa wa kilimo, alikuwa amefikia swali la tisa kwenye fomu ya ruzuku. "Mama, shambani unatumia dawa?"

Cherono hakusita. Hakuzoea kudanganya mtu, sembuse kwenye karatasi ya serikali. Akajibu kwamba anatumia, tena kila Jumatatu.

Kalamu ikasimama. Valarie akaeleza kwa upole kwamba ruzuku ni ya wanaolima bila kemikali, na anayejibu ndiyo hapo hutolewa kwenye orodha. Tangu mumewe Cherono, Kipngetich, afariki, nusu ekari hiyo ya Kiamunyi ndiyo iliyowalisha yeye na mama mkwe, lakini haikutosha. Wakikosa ruzuku, ingebidi wamkodishie shamba mkulima mmoja wa viazi, naye alikuwa ameshasema wazi kwamba atapiga sumu hadi mlangoni.

"Lakini ni dawa gani, mama? Ya kununua dukani, ya agroveti?"

Cherono akamwonyesha debe kando ya zizi. Ndani mlikuwa na pilipili, kitunguu saumu, jivu na mkojo wa ng'ombe, vimelowa siku nne. Mpishi wake alikuwa mama mkwe mwenyewe, Gogo Jepleting, gogo yaani bibi kwa Kikalenjin, aliyekaa kwenye jua akichambua pilipili kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha.

Valarie akashusha pumzi. Basi ni rahisi, akasema, anafuta tu jibu hilo. Cherono aseme hiyo si dawa, ni maji ya pilipili.

Vidole vya Gogo vikaacha kazi.

Cherono aliviona. Mwaka mzima baada ya mazishi ya mwanawe, mama huyu alikuwa akisema amebaki wa kula tu, Mungu amesahau kumwita. Siku alipoambiwa dawa yake imemaliza wadudu kwenye sukuma wiki, aliitisha chai ya pili, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Siwezi kusema si dawa," Cherono akasema polepole. "Inaponya mboga yangu. Ukinitoa, nitoe, lakini andika ni dawa."

"Mwache msichana afute," Gogo akasema, uso chini. "Mimi nimezeeka, nitafanyia nini sifa? Shika shamba."

"Ngoja, Gogo. Wewe una debe, fomu ni yangu."

Valarie akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akageuza karatasi na kuandika nyuma, akisoma kwa sauti ili Gogo asikie: dawa ya kienyeji, haina kemikali, inatengenezwa hapa nyumbani. Akasema kwa maelezo hayo Cherono atabaki kwenye orodha, mradi mtengenezaji wa dawa atie alama ya kidole.

Gogo akanyoosha mkono, lakini akaunyoosha upande usio na mtu. Cherono akaushika, akaufuta pilipili kwa leso, kidole kimoja kimoja, bila haraka, akaliongoza dole gumba hadi kwenye wino wa Valarie, kisha kwenye karatasi.

"Bonyeza sana, Gogo," akamwambia. "Wakuone."