Mzazi wa Kichakani Gahanga

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tulishuka bondeni na mapanga, ukungu bado umelala juu ya kijito, nasi umbea mdomoni kama kawaida. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kufyeka kichaka cha mwisho kilichosalia cha msitu wa zamani. Eti kinafuga mbu.

Vestine, jirani yangu muuza chapati, tulimkuta amesimama mbele yake, kazuia njia.

"Humu hamfyeki. Kuna mzazi."

Valens, mwenyekiti wetu, akacheka. "Nani tena kajifungulia porini, mama?"

Akatuonyesha. Kwenye panda ya tawi palikuwa na kiota, kikombe kidogo cha nyuzi za buibui, ndani midomo miwili wazi. Ndege dume, mweusi kwa mweupe, nyama nyekundu juu ya jicho kama kapaka rangi ya harusi, akachomoka kivulini, akadaka nzi hewani, tak! Mwanga ulichuruzika majanini polepole kama asali. Hata mimi nilisahau nilikuwa namsema nani.

"Wameanguliwa jana," Vestine akanong'ona. "Mtamtoa mzazi kitandani kabla ya siku nane?"

Wanawake wote tukaweka mapanga chini. Kwetu mzazi haguswi mpaka siku ya nane, watoto wa majirani wanapokuja kulima kidogo uani, wakala, na kila mmoja akampa mtoto jina.

"Basi, nane," Valens akasema. "Ya tisa nafyeka mwenyewe."

"Siku nane watakuwa hawajaweza kuruka," Vestine aliniambia, machozi yakimlenga. "Watakufa."

Siku ya nane akapika maharage na ndizi. Watoto wakajaa, wakakwangua ardhi, wakala, wakapiga kelele: Uwase! Johnson! Kamdomo!

Siku ya tisa Valens huyo, na panga.

"Majina yametajwa?"

"Yametajwa," nikadakia, "lakini anayechagua ni baba. Si unajua? Muulize."

Valens akamtazama dume. Dume kimya. Mwenyekiti akakaa juu ya jiwe kumngoja, na nzi wakapita mbele yake katika mwanga, wakielea kama vumbi, mpaka jua likapanda.

"Hajasema," akajibu mwishowe, kama mtu aliyeamshwa. "Nitapita kesho."

Akapita kesho yake, na kila siku, panga akiliacha nyumbani. Siku ya kumi na sita tulishuka mbio, tukipiga vigelegele kwamba makinda yameruka. Tukamkuta jiweni, kidole mdomoni.

"Shh! Mtawashtua. Wako pale kivulini, bado wanalishwa."