Koti la Donatus

Mimi Masele nilikuwa na jicho, msinibishie. Ng'ombe wangu mmoja akichanganyika na mia mbili wa watu wengine, nilimwonyesha kwa kidole nikiwa ng'ambo ya mbuga. Rangi yake na mwendo wake, basi. Kijiji chetu cha Songwa kizima walilijua hilo.

Ndiyo maana mwaka hamsini na mbili nilisema mahakamani bila kupepesa: "Ni Donatus." Nilikuwa nimeswaga ng'ombe kwenda kuwauzia wachimbaji wa Nyarugusu. Mchana kweupe, nikiwa mlimani, nikaona mtu mwenye koti la jeshi, kiraka chekundu mgongoni, anampiga mnunuzi wa dhahabu kwa nyundo mpaka akamuua, kisha akakimbilia porini. Koti la namna hiyo pale machimboni lilikuwa moja tu, la Donatus, aliyerudi nalo kutoka vitani.

Donatus alilia kwamba saa ile alikuwa shimoni peke yake, na koti ameliacha juu, mdomoni mwa shimo, kama wachimbaji wote wanavyofanya kwa sababu ya joto la kule chini. Nani amsikilize? Jaji alinisikiliza mimi, akamhukumu kunyongwa. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Neno langu moja tu, na mtu mzima anakufa!

Akakata rufaa. Majaji wa rufaa wakaagiza nihojiwe upya, nikaitwa bomani Shinyanga. Nilikasirika, nyie! Kwani mimi mwongo? Nikaenda na mdogo wangu Jilala, tumbo moja, ziwa moja.

Wakili wa Donatus alikuwa Mhindi mfupi, mpole wa sauti. Akaniuliza, "Mzee, siku ile ulikuwa umbali gani?"

"Hapa mpaka lile ghala la pamba."

"Na ulimtambua?"

"Kama ninavyowatambua ng'ombe wangu."

Akamwomba jaji tutoke nje. Kule ghalani watu wanane wakaanza kupita mbio, mmoja mmoja. Nikacheka moyoni. Mtihani wa watoto huu! Wa tano akatokea na koti la jeshi, kiraka chekundu mgongoni.

"Yule!" nikapaza sauti. "Donatus yule, haki ya Mungu! Hata mwendo ni wake!"

"Una hakika, mzee?"

"Unanichosha wewe bwana. Nimesema yule!"

Wakili akampungia mkono. Mtu akaja, akaja, mpaka nikamwona uso. Mayu wane, mama yangu! Alikuwa Jilala. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, niliyekula naye uji asubuhi ileile. Wakili alikuwa amemwazima na kumvika koti lile bila mimi kujua. Na Donatus? Alikuwa amepita wa pili, na shati jeupe. Macho yangu yalimruka.

Jaji akaacha kuandika. Niliogopa, sisemi uongo. Jicho ni kitu gani hiki alichotupa Mungu, kinaona koti, halafu kinatafuta chenyewe mtu wa kulivaa? Na ule mwendo wa Donatus nilioapia? Niliuona, jamani. Niliuona kabisa, na haukuwapo.

"Bwana Jaji," nikasema, wala hakuna aliyeniuliza, "siku ile niliona koti. Mtu sikumwona."

Karani akayaandika hayo. Baada ya wiki sita majaji wa rufaa wakamwachia Donatus huru.

Nilikuwa zizini alipokuja. Hakusimama mbali. Alikuja hadi nikasikia pumzi yake.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa na kovu chini ya jicho la kulia, na jino moja la mbele limekatika. Nilikuwa nimempeleka kitanzini mtu huyu, na hayo yote nilikuwa siyajui.

"Nimekuja unitazame," akasema.

Nikamtazama. Nilimtazama mpaka machozi yakanifunga macho, na ile marahaba ikanishinda kutamka.