Samaki wa Placidius

Mwanzoni mwa Juni, mvua zikishakatika na mto kuanza kuonyesha mawe yake, Yustasi haonekani shambani kabla ya saa tatu asubuhi. Watu wa Bugomora wamemzoea. Huwavua samaki aina ya kuyu kwa namna aliyofundishwa ujanani na padri mmoja mgeni: ndoano ndogo iliyozungushiwa manyoya ya shingo ya jogoo, bila chambo, inayorushwa na kuachwa ielee juu ya maji ya kasi kama mdudu aliyeanguka. Majirani humcheka kwamba anawadanganya samaki. Yeye hukubali, akaongeza kwamba hamdanganyi mwingine yeyote.

Asubuhi hiyo alirusha mshipi mara nyingi pale mto unapoteremka kati ya vilima viwili, na hakuna kilichogusa. Kisha akaona kuyu mmoja analetwa na maji, tumbo juu. Akafuata mwingine. Nyuma yao vikaja visamaki visivyozidi kidole, vingi mno, vikizunguka kwenye povu miguuni pake. Aliinama kuokota kimoja, na pua ikapata harufu anayoijua kila mtu aliyewahi kuogesha ng'ombe: dawa ya kupe.

Alikunja mshipi, akapanda na ukingo akishikilia vichaka. Hakwenda mbali. Juu ya maporomoko alimkuta mdogo wake Placidius amesimama majini hadi magotini, anaokota samaki na kuwatia kwenye kiroba. Chupa tupu ilikuwa juu ya jiwe.

"Shikamoo kaka," Placidius alisema, kama mtu aliyekutwa akivuna maharage.

Yustasi hakuitikia. "Umemwaga hiyo mtoni?"

"Kidogo tu. Wenzangu wa kule juu wanafanya hivi mwaka mzima."

"Ng'ombe wako wanakunywa maji haya haya."

"Leo wako bwawani." Placidius alitupa samaki mwingine kirobani. "Ukitoa matumbo hakuna kinachobaki, kaka. Usinitazame hivyo. Hata Mama nimempelekea watatu alfajiri, wa mwanzo kabisa. Kafurahi kweli."

Yustasi aliutupa ufito wake wa kuvulia, akakimbia.

Mama yao, Stephania, aliishi peke yake ng'ambo ya kilima, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba. Yustasi alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha jiko, jasho linamtiririka na mate yanamtoka bila yeye kujua. Sahani ilikuwa pembeni, imebaki miiba.

"Nimeshiba vibaya," alisema.

Yeye na dereva walimpakia kwenye bodaboda, mama katikati, Yustasi nyuma akimkumbatia asianguke. Walipofika kituo cha afya alikuwa hasemi tena. Placidius alifika nyuma yao kwa pikipiki nyingine, suruali bado imelowa.

"Amekula nini?" daktari aliuliza. "Nataka kujua sasa hivi."

Placidius alimvuta kaka yake mkono, akamnong'oneza kwa Kinyambo, lugha yao ya nyumbani: sema uyoga, nina watoto watano.

"Samaki waliouawa kwa dawa ya kupe," Yustasi alisema, na akaitaja dawa yenyewe.

Daktari aliingia ndani haraka. Alipotoka, sindano zilikuwa zimeshaanza, akauliza swali lingine: nani aliyemwaga dawa hiyo? Hili halikuwa tena la kumponya mama, na Yustasi alilijua hilo. Angeweza kunyamaza. Alimgeukia mdogo wake.

"Kiroba kiko wapi?"

Placidius alitazama sakafu. "Ninsiima amekipeleka gulioni."

Ninsiima alikuwa mke wake, na hakujua alichobeba. Yustasi alifikiria wanawake wakiinama kuchagua samaki, wakiwapakia kwenye vikapu vya kwenda kwa watoto. Akamwambia daktari jina, akataja na gulio. Simu zikapigwa. Samaki walikamatwa wakiwa wameuzwa sita tu, na hao sita walifuatwa nyumba kwa nyumba hadi wakapatikana. Kabla ya jua kuzama Placidius naye alikuwa amechukuliwa na polisi.

Stephania aliruhusiwa siku ya tano, amekonda, sauti inakwaruza. Yustasi alikuwa ameshamtandikia kitanda nyumbani kwake. Alipomwambia hivyo, mama aliendelea kufunga kitenge chake.

"Nani alikutuma umtaje?"

"Samaki walikuwa sokoni, Mama."

"Ungesema samaki ni wabaya. Ungesema umewaona tu mtoni. Mimi ndiye niliyekula, na mimi sikumshtaki mtu."

"Wangeuliza tu."

"Wangeuliza," mama alisema. "Na wewe ungekuwa bado una mdogo wako."

Yustasi alitaka kumwambia jinsi alivyokuwa anamshikilia kwenye bodaboda, jinsi kichwa chake kilivyokuwa kinaanguka. Kabla hajaanza, Ninsiima alikuja na kibegi, na Stephania akaondoka naye kwenda kwa Placidius, kukaa na wajukuu ambao baba yao hayupo.

Jumapili Yustasi aliwaona kanisani, benchi la mbele. Ibada ilipokwisha aliwangoja mlangoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba," alijibu, kama anavyojibiwa mtu wa njiani, akapita akiwa amemshika Ninsiima mkono.

Wiki iliyofuata ilikuja karatasi ya mahakama. Yustasi ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Aliisoma amesimama kati ya mibuni yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kuchuma. Alijua atakwenda, na alijua atasema yale yale.